Herufi Tano za Mwalimu Lekishon

Pale Karatu, mtu akitaka risala ya harusi, katiba ya kikundi au barua ya kwenda kwa mkuu wa wilaya ichapwe bila kosa, alielekezwa kwa Blandina. Steshenari yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu, kando ya barabara kuu iendayo Ngorongoro. Magari ya watalii yalipita mchana kutwa yakitimua vumbi jekundu la kandokando, na Blandina alilifuta juu ya kibodi mara tatu au nne kwa siku. Alikuwa Mwiraqw, mzaliwa wa Qurus, mama wa binti mmoja, Clara, aliyekuwa chuoni Dodoma. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amechapa kazi za watu, na watu walimpa sifa moja: Mama Clara hakosei.

Ndiyo maana Nareyu alimwendea yeye.

Nareyu alikuwa nesi hapo Karatu, Mmasai wa Enguserosambu, upande wa Loliondo, mwanamke wa maneno machache. Siku hiyo aliingia akiwa bado na sare yake nyeupe, akaweka flashi ndogo juu ya meza kama mtu anayeweka yai.

"Ni kazi ya baba," alisema. "Mwalimu Lekishon. Amekusanya maneno ya Kimaa, lugha yetu, miaka kumi na sita. Majina ya nyasi, magonjwa ya ng'ombe, rangi zao, sala za wanawake, maneno ambayo hata mimi siyajui. Maneno elfu tatu mia moja na kumi na mawili, na kila moja ameliandikia maana yake kwa Kiswahili."

"Anataka kiwe kitabu?"

"Alitaka. Mwezi uliopita amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umekufa na ulimi umefungwa. Anasikia kila kitu, ila hawezi kusema." Nareyu alitazama ukutani. "Kompyuta yake ilikuwa ya zamani sana, inazimika ovyo. Niliwahi kuhamisha faili kabla haijafa kabisa. Nataka akishike kitabu chake, Mama Clara. Basi."

Blandina alimwahidi wiki mbili.

Alipofungua lile faili, kompyuta yake mpya ilimtolea kidirisha cha kumuuliza maandishi yasomwe kwa utaratibu gani wa herufi. Chini yake palikuwa na orodha ndefu ya majina, namba na vistari. Blandina alikuwa ameshakiona kidirisha hicho mara nyingi, na mara zote alikuwa amebonyeza Sawa. Akabonyeza Sawa.

Maneno yakaja. Upande wa Kiswahili ulikuwa safi. Upande wa Kimaa ulikuwa umejaa vialmasi vyeusi, kila kimoja na alama ya kuuliza tumboni. Neno moja lilikuwa na vialmasi viwili, jingine vitatu, jingine lilikuwa vialmasi vitupu na konsonanti moja katikati.

Hakushtuka. Alimpigia simu Nareyu, naye akamwambia kwamba baba yake alitumia fonti maalumu, aliyopewa zamani na padri mmoja aliyejua lugha, na kwamba sidii yake ilikuwa kwenye sanduku huko nyumbani.

"Basi ni fonti tu," Blandina alisema. "Ukiileta, nitaiweka, na herufi zitarudi zenyewe. Wacha mimi niendelee na kupanga kurasa."

Akaendelea. Alipanga maneno, akaweka vichwa vya habari, akapiga mistari na kusevu. Alifanya kazi kwa siku tisa, na kila baada ya dakika chache alisevu, kama alivyojizoesha tangu enzi za umeme wa kukatika. Siku ya saba alikuja mteja aliyetaka picha za mahafali ya mwanawe. Blandina hakuwa na flashi nyingine karibu. Akaifuta ile ya Nareyu, maana faili lilikuwa tayari ndani ya kompyuta, akajaza picha za mahafali hadi pomoni.

Siku ya kumi Nareyu alileta ile sidii. Blandina akaiweka fonti, akachagua maandishi yote, akabadilisha.

Vialmasi vilibaki vilevile.

Akarudia tena. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akaingia kwenye mipangilio ya lugha na eneo, akabadilisha Kiingereza cha Marekani kuwa Kiswahili cha Tanzania, akawasha upya. Vialmasi. Akatafuta mtandaoni, akaambiwa kuna sehemu ya ndani zaidi, ya kuchagua lugha kwa ajili ya programu za kizamani. Akaipata, akabadilisha, akawasha upya. Vialmasi. Akafungua faili kwa utaratibu wa Ulaya Magharibi, wa Ulaya ya Kati, wa Uturuki, wa Baltiki. Kila utaratibu ulitoa takataka yake, na takataka hiyo ilikuwa ileile katika kila neno: pale palipokuwa na kialmasi sasa palikuwa na vijialama vitatu, vilevile vitatu, ukurasa baada ya ukurasa.

Hapo ndipo ubaridi ulipomwingia. Hakujua kwa nini hasa, lakini macho yake yalikuwa yamezoea kuona kosa kabla akili haijalijua. Vitu tofauti haviwezi kuwa sawa kila mahali.

Akampigia Inosenti.

Inosenti alikuwa fundi wa kompyuta wa hoteli mbili tatu za watalii, mtu mzima mwenye familia, na Blandina alimwamini. Alifika na begi lake mgongoni, akaketi, akafungua faili kwa programu inayoonyesha namba badala ya herufi. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Dada, lile faili la mwanzo, kabla hujalisevu, lipo wapi?"

"Lilikuwa kwenye flashi."

"Ilete."

Alipoona picha za mahafali alijishika paji la uso. Alijaribu programu za kufufua vilivyofutwa, moja, ya pili, ya tatu, kuanzia saa nne asubuhi hadi wenye maduka jirani walipoanza kufunga milango. Kilichofufuka ni picha za watoto wenye majoho.

"Nieleze," Blandina alisema. "Nieleze nielewe nilichofanya."

Inosenti akageuza kiti.

"Kompyuta haijui herufi, dada. Inajua namba. Kimaa kina herufi tano zaidi ya hizi zetu, si ndiyo? Mwalimu alipoandika herufi ya kwanza kati ya hizo, mashine yake iliweka namba moja, tuseme mia mbili thelathini na nne. Ya pili ikawa na namba yake, ya tatu na yake. Ile fonti ndiyo iliyojua namba ipi ichorwe vipi. Wewe ulipofungua, kompyuta yako ilikuuliza isome kwa utaratibu gani. Ukaiambia Sawa, isome kwa utaratibu wa siku hizi. Katika utaratibu huo namba zile zikisimama peke yake hazina maana yoyote. Kwa hiyo kila namba isiyoielewa ikaichorea kialmasi."

"Sasa si tuiambie isome kwa utaratibu ule wa zamani?"

"Ungefunga bila kusevu, leo tungeiambia, na kazi ingekwisha dakika moja. Lakini ulisevu. Uliposevu, haikuandika tena namba za Mwalimu. Iliandika kialmasi. Herufi zote tano sasa ni kitu kimoja. Hakuna mtu duniani, hata aliyeitengeneza hiyo programu, anayeweza kukuambia kialmasi hiki kilikuwa herufi ipi na kile kilikuwa ipi."

Blandina alitazama kioo cha kompyuta.

"Na madaftari? Hakuandika kwenye madaftari?" Inosenti aliuliza.

Nareyu alikuwa amelieleza hilo siku ya kwanza, kwa kujivunia: mchwa walikula madaftari ya mwanzo, ndipo mzee akauza fahali wawili akanunua kompyuta, akisema mchwa hawali umeme. Na kompyuta yenyewe? Ilipokufa, mama yake Nareyu aliiona imekwisha kazi, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita na pikipiki.

Kwa siku mbili Blandina hakuthubutu kupokea simu ya Nareyu. Alifungua duka, akachapa barua za watu, akakosea, akachapa upya. Chakula kilimshinda. Usingizini aliona vialmasi, na mchana aliviona kwenye mabango ya barabarani. Siku ya tatu alifunga mlango saa sita, akaenda kwa miguu hadi alikofanya kazi Nareyu, akamngoja kwenye benchi la wagonjwa hadi alipotoka.

Alimwambia yote, ya kidirisha, ya kusevu na ya flashi. Hakujitetea. Nareyu alisikiliza amesimama, mikono ameiweka mifukoni mwa sare.

"Miaka kumi na sita," alisema hatimaye. "Alikuwa anatembea hadi Malambo kumfuata bibi mmoja kwa ajili ya neno moja. Neno moja, Mama Clara. Wewe umebonyeza Sawa."

"Ndiyo."

"Bila kusoma."

"Bila kusoma."

Nareyu aligeuka akaondoka. Alikwenda hatua kama ishirini, akasimama, akarudi. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha Blandina kuliko machozi.

"Daktari amesema wiki, labda mbili. Baba amekataa kukaa hospitali, yuko nyumbani. Sasa utanifanyia jambo moja. Tutakaa mimi na wewe, tutajaza. Penye kialmasi weka e, weka o, weka chochote ninachokisikia mimi. Nisilolijua tutabahatisha. Macho yake hayaoni vizuri tena. Akishike kitabu, afe ana amani. Baada ya hapo usinisemeshe maisha yako yote."

Blandina alijua ni uongo. Lakini alikuwa kama mtu anayezama, na anayezama hachagui tawi la kushika. Wakajaza kwa siku nne, Nareyu akitoka kazini na kuja moja kwa moja. Yeye alitamka, Blandina akachapa. Nareyu alikizungumza Kimaa tangu utotoni, ila kukiandika hakufundishwa. Alijua kuwa kuna e mbili, moja nyepesi na moja nzito, na o mbili, i mbili, u mbili. Lakini akiulizwa ipi ni ipi, alichanganyikiwa, kama mtu anayeulizwa anaanza na mguu upi akitembea. Wakaandika e moja kwa zote. Maneno ya zamani ambayo Nareyu hakuwahi kuyasikia, waliyaundia sauti. Walifanya hivyo bila kutazamana.

Blandina alitoa nakala moja, akaibana na kuiwekea jalada gumu la kijani lenye jina la Mwalimu. Kilikuwa kitabu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza.

Walisafiri na lori la mahindi liendalo Loliondo. Lilipanda hadi ukingo wa kreta, ambako ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa saa mbili asubuhi, kisha likateremka upande wa pili kwenye mbuga, vumbi na jua. Nareyu alikaa mbele, Blandina nyuma yake, kitabu kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Walifika Enguserosambu alasiri, ng'ombe wakiwa bado malishoni.

Mwalimu Lekishon alikuwa kwenye nyumba yake ya bati, kitandani karibu na dirisha, amefunikwa shuka nyekundu juu ya shati lake la ualimu lililofungwa vifungo hadi shingoni. Alikuwa amekonda. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeteremka. Mkewe, Koko Naishorua, koko ikiwa ni bibi kwa Kimaa, aliketi kwenye kigoda miguuni pake. Blandina alimwamkia mzee shikamoo, na macho yake yakaitikia.

"Papa," Nareyu alisema, "kitabu chako."

Koko Naishorua alimwinua mumewe akamwegemeza begani. Mzee aliweka mkono wa kushoto juu ya jalada la kijani, akalipapasa. Machozi yakamtoka jicho moja, lile lililo hai. Nareyu akamtazama Blandina haraka, kama anayesema: unaona, tumefanya vyema.

Kisha mzee akafunua ukurasa wa kwanza.

Alisoma kwa kidole. Kidole kilikwenda mstari wa kwanza, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikaenda mstari wa pili, kikasimama. Macho hayo ambayo binti yake alisema hayaoni yalisogea karibu na karatasi. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine, upesi upesi, karatasi moja ikachanika. Kifua chake kikaanza kupanda na kushuka. Sauti ikatoka, si neno, ni mlio tu, "ba, ba, ba," na kidole kikawa kinagonga, kinagonga herufi ileile, e, e, e, kwa nguvu hata kucha ikapinda.

"Papa, tulia," Nareyu alisema. "Ni mashine mpya tu, papa, inaandika hivyo…"

Mzee alimtazama binti yake. Blandina hakuwahi kuona mtu akitazamwa hivyo na mzazi. Nareyu alijifunika uso kwa viganja.

Blandina akapiga magoti pale kwenye sakafu ya udongo.

"Mwalimu, si yeye, ni mimi. Niliharibu kazi yako. Faili lako lilikuwa zima, binti yako aliniletea likiwa zima. Kompyuta iliniuliza swali, sikusoma, nikajibu. Herufi zako tano zimepotea zote, hakuna fundi wa kuzirudisha. Tukajaza kwa kubahatisha ili usijue. Hiki si kitabu chako, Mwalimu."

Koko Naishorua, ambaye Kiswahili kilimpiga chenga, aliuliza jambo kwa Kimaa, na Nareyu akamjibu kwa sentensi fupi. Bibi akaguna kama aliyepigwa teke.

Mzee alikuwa amefumba macho. Blandina alidhani anakufa, na kwamba yeye ndiye aliyemuua. Alingoja hapohapo magotini, hajui aondoke au abaki. Nje ndama mmoja alilia na hakuna aliyemjali.

Mzee alipofumbua macho, alivuta kitabu tena. Akatafuta neno la kwanza kabisa, akaweka kidole juu ya e. Akatikisa kichwa: hapana. Halafu akaushusha mkono kwenye shuka, na kwa kidole hichohicho akachora. Aliikunja nguo taratibu, akatengeneza pinde mbili zilizoungana, herufi iliyofanana na tatu iliyogeuzwa. Akamtazama Blandina. Akaichora tena.

"Ɛ," Nareyu alinong'ona. "Anasema ni ile ɛ."

Blandina alitafuta kalamu ya risasi kwenye mkoba. Akakata ile e, juu yake akaandika alichokiona kwenye shuka. Akamwonyesha. Mzee akafumba macho na kuyafumbua. Kidole kikaenda kwenye neno la pili.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, bila mtu kuipendekeza.

Blandina hakurudi Karatu. Alimpigia Clara, akamwambia duka limefungwa na asiulize kwa nini. Nareyu aliomba likizo. Blandina alikata kipande cha boksi, akaandika juu yake zile herufi tano, kubwa, moja moja: ɛ, ɔ, ɨ, ʉ, na ŋ, ambayo ni ile ng' ya ng'ombe. Kila asubuhi, mzee akishakunywa maziwa, walikaa. Blandina alisoma maana ya Kiswahili. Nareyu aliifasiri. Koko Naishorua alilitamka neno, au asipolijua Nareyu alilisoma lilivyobahatishwa kitabuni, kisha Nareyu akalirudia polepole, sauti moja baada ya nyingine, na katika kila sauti mzee aligusa kipande cha boksi pale panapostahili, au akatikisa kichwa kuonyesha kuwa hapo ni herufi ya kawaida.

Siku njema walimaliza maneno mia. Siku mbaya thelathini. Kuna siku mkono ulimshinda, akawa anaonyesha kwa macho, na Blandina alipitisha kidole chake mwenyewe juu ya boksi hadi mzee alipofumba macho. Kuna siku mzee alilala katikati ya neno na wakakaa wakimngoja, hakuna anayethubutu kukohoa. Blandina alihesabu yaliyobaki kila jioni, akagawa kwa siku ambazo daktari alisema, na hesabu haikukubali hata mara moja.

Siku ya nne au ya tano alimwuliza Nareyu, walipokuwa wakichota maji, kama mzee amemsamehe.

"Sijui," Nareyu alisema. "Hana muda wa hilo. Mimi pia sina."

Wiki mbili za daktari zilipita. Ya tatu ikapita. Mzee alikuwa anakwisha kama mshumaa, mifupa ya mashavu imetokeza, lakini kila asubuhi mkono wa kushoto uliliomba boksi. Sasa Blandina aliyajua maneno mengine hata kabla hayajatamkwa. Alijua ɛnkaŋ ni boma, na kwamba ile herufi ya mwisho hutokea puani. Koko Naishorua alianza kumrekebisha matamshi, akimcheka kidogo kwa lafudhi yake ya Kiiraqw, kisha akakumbuka Blandina ni nani na kicheko kikakoma.

Siku ya thelathini na moja walifika neno la elfu mbili mia tatu na nne. Lilikuwa jina la nyasi fulani inayoota baada ya moto. Mzee aligusa ɔ. Akagusa ɨ. Nareyu akatamka sauti ya tatu, wakangoja. Mkono ulikuwa umelala juu ya boksi, vidole vimefunguka.

"Papa," Nareyu aliita. "Papa, ipi?"

Koko Naishorua alikuwa wa kwanza kuelewa. Alikiondoa kipande cha boksi chini ya mkono wa mumewe, akakiweka sakafuni kwa uangalifu, akaivuta shuka.

Walimzika kesho yake. Blandina alisimama nyuma kabisa, na watu waliomuuliza yeye ni nani kwa marehemu, aliwajibu kuwa ni mchapaji wake. Neno la elfu mbili mia tatu na nne lilibaki na herufi mbili za Mwalimu na moja ya kubahatisha.

Baada ya arobaini, Nareyu alimfuata Karatu. Hakuketi.

"Yamebaki mia nane na manane, mbali na lile la nyasi," alisema. "Sikio langu limeanza kusikia. Nilikuwa namtazama kidole siku zote zile, sasa nazisikia e zote mbili. Sina uhakika kila mara. Lakini mama yupo bado."

Inosenti aliiandaa kompyuta upya. Aliweka utaratibu mmoja wa herufi kwa kila kitu, ule ambao kila herufi ya kila lugha ina namba yake isiyoazimwa na nyingine. Akatengeneza mpangilio wa kibodi wenye zile tano. Kila jioni faili lilinakiliwa mahali patatu tofauti. Blandina aliandika maneno elfu mbili na ziada kutoka kwenye karatasi zenye kalamu ya risasi, na kila kidirisha kilichotokea alikisoma hadi nukta ya mwisho, hata kikiwa ni tangazo.

Kwa yale yaliyobaki, alikwenda Enguserosambu mara sita, na Nareyu kila alipopata ruhusa. Waliyapata mengi. Mwishoni yalibaki maneno mia mbili na kumi na moja ambayo hakuna aliyeyajua: si Nareyu, si Koko Naishorua, si wazee wa kata ya jirani waliofuatwa mmoja mmoja. Mwalimu aliyapata kwa watu waliokwisha kufa. Yule bibi wa Malambo alikuwa amezikwa miaka minane nyuma.

Safari ya sita Blandina aliketi kwenye kile kigoda, na Koko Naishorua kwenye kitanda ambacho sasa kilikuwa chake peke yake. Blandina alikuwa na kurasa za mwisho magotini. Alizisoma kwa Kiswahili, Nareyu akafasiri.

"Mvua inayonyesha upande mmoja wa kilima tu."

Bibi alifikiri. Akatikisa kichwa.

"Ng'ombe anayekataa kuvuka mto ambamo ndama wake alifia."

Bibi alifumba macho, midomo ikacheza kama anayeonja kitu. Walingoja. Akatikisa kichwa.

"Wimbo wa mwanamke anayesaga peke yake."

Safari hii Koko Naishorua alisema jambo, na Nareyu akalifasiri.

"Anasema huo alikuwa akiuimba mama yake mzazi. Wimbo anaukumbuka. Jina lake, baba ndiye aliyekuwa analijua."

Blandina alitaka kusema samahani, lakini neno hilo alikuwa ameshalisema mara nyingi mno katika nyumba hiyo. Akaweka alama ndogo ya kalamu ya risasi pembeni, akageuza ukurasa, akasoma maana inayofuata.